Kura ya Mheshimiwa na Mkono wa Mheshimiwa



Ndugu msomaji, kijana mwenzangu, na nyinyi wazazi mnaosoma huku mkisubiri adhana ya Maghrib, Ramadhan Kareem. Mwezi huu ulimi nao unafunga, sawa na tumbo. Sasa mtu ataniuliza: vipi tutazungumza habari za wanasiasa na wizi wao bila kuingia katika ghiba? Swali hilo ni zuri, na ndilo lililonifanya nichukue mambo ya zamani, yaliyoandikwa, niache udaku wa wiki hii.

Hapa Nakuru, ukikaa barazani baada ya Taraweh, iwe ni Bondeni au mtaa mwingine wowote, hutakosa kusikia maneno mawili. Mmoja atasema: "Yule bwana anakula, sawa, lakini Bungeni anatupigania." Mwingine atajibu: "Ah, wote ni wezi, kura zao zina maana gani?" Wakati wa mswada wa ugaidi wa mwaka 2003 sisi Waislamu tuliisikia sana ile hoja ya kwanza. Mbunge akisimama kuupinga mswada ule, alisamehewa mengi papo hapo. Na akiunga mkono, hata kama mkono wake ni safi kama pamba, aliitwa adui. Je, mizani hiyo iko sawa? Mimi naona haiko sawa, na nakuomba tutazame historia yetu wenyewe kabla hujanikatalia.

MTU WA KABATI-INI

Josiah Mwangi Kariuki, ambaye watu wote walimwita JM, alizaliwa mwaka 1929 huku kwetu Bonde la Ufa, Kabati-ini, nje kidogo ya Nakuru, katika jamii ya maskwota waliofanya kazi kwenye mashamba ya Wazungu. Wakati wa Hali ya Hatari aliwekwa kizuizini, akahamishwa kambi moja hadi nyingine kuanzia 1953 mpaka 1960. Alipotoka akawa katibu wa Mzee Kenyatta, kisha mbunge, kisha kiongozi katika National Youth Service, kisha waziri msaidizi. Jimbo lake lilikuwa Nyandarua, lakini shamba lake lilikuwa Gilgil, na huko Gilgil ndiko alikozikwa.

Huyu JM alikuwa mtetezi wa maskini. Alisema wazi kwamba Kenya inageuka nchi ya mamilionea wachache na mamilioni ya waombaji. Alisema juu ya ardhi wakati kusema juu ya ardhi ni hatari. Mikutano yake ilinyimwa vibali, na hata hivyo mwaka 1974 watu wake walimrudisha Bungeni.

Lakini usiharakishe, ndugu yangu. JM huyo huyo alikuwa tajiri. Alikuwa na mashamba, alipenda mashindano ya farasi, na alitoa harambee kwa mkono mkubwa kweli kweli. Wapinzani wake waliuliza: huyu anayelia juu ya wenye mashamba, mashamba yake mwenyewe yametoka wapi? Na kuna jambo jingine ambalo wapenzi wake hawapendi kukumbushwa. Mwaka 1966, Oginga Odinga alipotoka KANU na kuunda KPU, JM alibaki KANU. Na alikuwa ndani ya serikali mwaka 1969 ilipoipiga KPU marufuku na kuwatia viongozi wake kizuizini.

Utampima vipi mtu kama huyo? Utajiri peke yake si ushahidi wa wizi. Hilo tulikubali kwanza, kwa sababu sheria yetu inasema mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi. Lakini kuuliza mali imetoka wapi si dhambi pia. Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa akiandika mali ya gavana siku anapomteua, na anaporudi humhesabia. Iliyozidi bila sababu humchukulia, na hakuangalia huyu ni sahaba mkubwa au mdogo. Magavana wake aliwakataza biashara, maana nani atashindana bei na gavana sokoni?

Sasa linganisha na kwetu. Mwaka 1971 tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu, ilipendekeza kwamba wafanyakazi wa serikali waruhusiwe kufanya biashara zao, mradi tu isigongane na kazi. Serikali ikakubali. Kwa hiyo lile alilolizuia Umar likawa halali kwa karatasi. Ndiyo maana ukisoma habari za miaka ya sabini hupati mstari ulio wazi kati ya mali ya kazi na mali ya cheo. Mkubwa alikuwa na duka, lori, shamba na ofisi, vyote pamoja. JM aliishi katika hali hiyo hiyo aliyokuwa akiilaumu.

SIKU YA KURA

Tarehe 2 Machi 1975 JM alionekana kwa mara ya mwisho katika hoteli ya Hilton, Nairobi. Siku zikapita. Gazeti moja kubwa likaandika kuwa yuko Zambia. Watu wakalala wakiamini hivyo, kumbe maiti yake ilikuwa imeokotwa Ngong tarehe 3. Aya ya sita ya Surat al-Hujurat inatuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuifanyia kazi, na sijui mfano wa karibu zaidi wa kuwafundishia watoto wetu kuliko huo wa Zambia.

Bunge likaunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale. Mbunge wetu wa Nakuru Mjini, Mark Mwithaga, alikuwa mmoja wa wajumbe wake. Taarifa ya kamati iliwekwa mezani tarehe 3 Juni, baada ya majina mawili ya watu wa karibu na Rais kuondolewa. Serikali haikutaka Bunge liikubali taarifa ile. Ilitaka Bunge liseme tu kwamba limesikia. Maneno mawili tu, lakini tofauti yake ni kubwa. Anayekubali anasema: wachunguzwe hawa waliotajwa. Anayesema amesikia, basi amesikia, na kesho anaendelea na mambo mengine.

Tarehe 11 Juni 1975 wabunge wakagawanyika kuhesabiwa. Serikali ikashindwa, 62 kwa 59.

Hebu simama hapa kidogo. Kura tatu! Masinde Muliro alikuwa waziri kamili. Peter Kibisu na John Keen walikuwa mawaziri wasaidizi. Wote watatu walipiga kura dhidi ya serikali waliyokuwa ndani yake, na wote watatu walifukuzwa kazi mara moja. Walijua watafukuzwa. Gari la bendera, mshahara, walinzi, vyote viliondoka kwa kunyanyua mguu na kuvuka upande wa pili wa ukumbi.

Ninalotaka ulione ni hili: kura yenye maana katika kumpima mtu ni ile iliyomgharimu. Ukifungua Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, utaona maamuzi mengi hupitishwa kwa sauti. Spika anauliza, wengine "ndiyo", wengine "la", anaamua kwa sikio lake, imekwisha. Hakuna jina la mtu. Majina huandikwa pale tu wabunge wanapogawanyika na kuhesabiwa. Kwa hiyo anayekuambia "rekodi ya kura ya mheshimiwa fulani ni nzuri", mwulize: kura zipi? Ziko ngapi zenye jina lake? Na ngapi kati ya hizo zilimnyima kitu?

Yaliyofuata unaweza kuyakisia. Mwithaga alifungwa mwaka ule ule kwa kesi ya ugomvi wa nyumbani, jambo lililotokea nyuma na likafufuliwa wakati huo. Nisieleweke vibaya, kumdhulumu mtu wa nyumbani si jambo dogo katika dini yetu, na kama kosa lipo, lipo. Ila saa yake ya kufufuliwa nayo inasema kitu. Tuhuma inaweza kuwa ya kweli na wakati huo huo ikawa fimbo. Lazima uushike ukweli wa pande zote mbili, mmoja usifute mwingine. Watu wa Nakuru Mjini walimrudisha Bungeni mwaka 1979.

Kisha ikaja tarehe 9 Oktoba 1975, siku chache tu baada ya Idd ya mwaka 1395. Martin Shikuku alisema Bungeni kwamba kuna watu wanataka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU. Akatakiwa alete ushahidi. Aliyekalia kiti alikuwa Naibu Spika Jean-Marie Seroney wa Tinderet, naye akajibu kuwa jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Baada ya siku sita wote wawili walikamatwa palepale kwenye majengo ya Bunge wakatiwa kizuizini. Maneno ya Seroney yamebaki na sifa mpaka leo, na mimi nampa heshima yake kwa ushujaa. Lakini tusiyafanye kanuni ya kila baraza. "Kila mtu anajua kwamba anakula" ndiyo kauli inayotuponza. Hiyo kila-mtu-anajua ikiulizwa nani ameona, mara nyingi hakuna.

MTU WA ARDHI

Upande wa pili wa mji, jimbo la Nakuru Kaskazini lilikuwa na mbunge wa namna nyingine, Kihika Kimani, aliyechaguliwa 1974. Aliongoza Ngwataniro-Mutukanio, moja ya kampuni kubwa za kununua ardhi. Wazee waliopitia mambo hayo wanajua: mtu maskini anatoa hisa yake kidogo kidogo, kampuni inanunua shamba la mlowezi, kisha wanachama wanagawiwa. Ziko familia chungu nzima za Nakuru ambazo leo zina mahali pa kuzikia wafu wao kwa sababu ya kampuni hizo. Huo ni wema, na anayeukana hajawahi kuwa skwota.

Lakini kampuni hizo hizo zilizaa malalamiko: fedha za wanachama, hesabu zisizoonekana, shamba moja watu wengi, mwenye cheti hana shamba na mwenye shamba hana cheti. Na kiongozi wa kampuni alikuwa ndiye mwanasiasa, kura zikawa zinafuata hisa. Septemba 1976 mkutano mkubwa wa kutaka Katiba ibadilishwe, ili Makamu wa Rais asirithi kiti Rais akifariki, ulifanyika hapa hapa Nakuru, na Kihika alikuwa mstari wa mbele. Mwaka 1979 wapiga kura wakamwondoa, wakamchagua Koigi wa Wamwere ambaye hata mwaka haujatimia tangu atoke kizuizini. Baadaye Rais Moi aliagiza kampuni za ardhi zigawe mashamba na zifungwe.

Sasa hapa kuna mtego. Mzee aliyepata ekari mbili atakuambia Kihika ni baba yake. Aliyelipa asipate atakuambia ni kinyume. Wote wawili wanasema kweli juu ya walichokipata. Ndiyo maana mizani ya "mimi nilinufaika" haifai kumpima kiongozi.

DINI INASEMAJE

Katika vita vya Khaybar alikuwepo kijana mtumwa aliyemtumikia Mtume (S.A.W.). Mshale ukamjia, akafa. Masahaba wakasema hongera kwake, amepata shahada. Mtume (S.A.W.) akakataa, akaeleza kuwa shuka aliyoichukua katika ngawira kabla ya kugawiwa inamuwakia moto. Shuka moja tu! Tena mtu amefia katika safari ya jihadi. Basi niambie, mheshimiwa aliyepiga kura moja nzuri juu ya mahakama ya Kadhi ataifutia fedha za zahanati?

Na yule mtoza zaka kutoka kabila la Azd aliyerudi Madina akasema hiki ni chenu, na hiki nimepewa zawadi, Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari kwa hasira na kuuliza kama angekaa nyumbani kwa wazazi wake hiyo zawadi ingemfuata. Utaona hakusema mtu yule hakufanya kazi. Kazi aliifanya, zaka aliileta. Kazi nzuri haikumfanya ile zawadi iwe yake.

Lakini msomaji mwenye elimu ataniambia: na Hatib bin Abi Balta'a je? Alitenda kosa zito, akawaandikia Maquraysh barua ya kuwapa habari ya jeshi kabla ya kufunguliwa Makka. Umar akataka amuue. Mtume (S.A.W.) akamkumbusha kuwa Hatib alikuwa Badr. Naam, pale rekodi ya mtu ilipimwa na ikamwokoa. Ila tazama vizuri ilivyokwenda: barua ilipatikana mkononi, Hatib aliulizwa, hakukana, akaeleza sababu yake, na maelezo yake yakakubaliwa na aliyekuwa akipokea wahyi. Hakuficha mali ya mtu. Wanasiasa wetu wanataka msamaha wa Hatib bila kuulizwa swali la Hatib.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Sa'd bin Abi Waqqas, gavana wa Kufa. Watu walimshtaki kwa Umar, wakafika hata kusema hajui kuswalisha. Umar hakusema "huyu ni katika kumi waliobashiriwa Pepo, nyamazeni." Hakusema pia "watu wengi wamesema, basi ni kweli." Alimwuliza Sa'd mwenyewe. Kisha akatuma watu Kufa wazunguke msikiti kwa msikiti wakiuliza hadharani, huku Sa'd yupo. Kila mahali alisifiwa, isipokuwa katika msikiti mmoja aliposimama mtu akamtuhumu kwa kutogawa sawa na kutohukumu kwa uadilifu. Umar alimwondoa Sa'd kwenye ugavana ili kuondoa fitina. Na alipokuwa akifa mwaka 23 Hijria alimtaja miongoni mwa watu sita wa kuchagua khalifa, akaeleza kuwa hakumwondoa kwa udhaifu wala kwa hiyana. Aliachishwa kazi, lakini jina lake halikuchafuliwa. Sisi tumezoea kinyume: jina linachafuka kila pembe ya mji na kazi anaendelea nayo.

Tulikaribia kulifanya hilo mara moja. Julai 2008 Bunge lilipitisha hoja ya kutokuwa na imani na Waziri wa Fedha, Amos Kimunya, mbunge wa Kipipiri hapo jirani zetu Nyandarua, kwa sababu ya kuuzwa kwa hoteli ya Grand Regency. Baada ya siku chache alikaa kando. Tume ikaundwa chini ya Jaji Majid Cockar, Muislamu mwenzetu aliyewahi kuwa Jaji Mkuu, na tume ikamsafisha. Januari 2009 akarudi kwenye baraza la mawaziri. Wako waliosema tume ilikuwa ya kumpaka mafuta, wako waliosema Bunge lilikuwa na chuki. Mimi nasema utaratibu angalau ulikuwepo: tuhuma, kukaa kando, kusikilizwa, jibu. Hata hivyo angalia somo lake juu ya kura. Bunge karibu lote lilikuwa upande mmoja, na tume ikaja na jibu la upande mwingine. Wingi wa mikono haukuwa ushahidi.

Na kura zenyewe zina siri zake. Agosti 2001 mswada wa kubadilisha Katiba ili kuirudisha mamlaka ya kupambana na ufisadi haukupata theluthi mbili. Ukihesabu harakaharaka utasema waliokataa wanapenda ufisadi. Lakini wengi katika upinzani walikuwa wakilalamika kwamba mpango ule uliambatana na msamaha kwa makosa ya zamani. Juni 1982 kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kililetwa Bungeni na Charles Njonjo, kikaungwa mkono na Mwai Kibaki, kikapita bila kura ya kupinga. Desemba 1991 Kibaki huyo huyo aliacha KANU na kuunda chama chake. Na Mwangale, yule shujaa wa kamati ya 1975, alikuwa waziri katika serikali iliyotuletea uchaguzi wa mlolongo mwaka 1988. Kura ya 11 Juni haikumtakasa kwa yaliyofuata, wala yaliyofuata hayakuifuta kura ile.

Kuna jambo moja la sheria ulijue kabla ya uchaguzi wowote. Katiba ya 2010 haimzuii mtu aliyehukumiwa kugombea mpaka rufaa zake zote ziishe, na rufaa Kenya unajua mwendo wake. Kwa hiyo mahakama inaweza kumwachia jina lake kwenye karatasi ya kura huku mezani pako kuna hukumu tayari. Hapo ni wewe na ushahidi wako mbele ya Allah (S.W.), maana kumchagua mtu ni kumtolea ushahidi kwamba anafaa kupewa amana.

Kama una nafasi katika siku hizi za Ramadhan, itafute Hansadi ya Juni 1975. Tafuta jina la mbunge wa mahali kwenu katika upande wa 62 au wa 59, halafu mwulize babu yako mheshimiwa yule alikuwa na mali gani alipoingia Bungeni na alikuwa na nini alipotoka. Kwa mauaji ya JM mpaka leo hakuna mtu hata mmoja aliyehukumiwa.